Ushuru ulipwe kwa shilingi, risiti ndiyo iende kwenye blokucheni

Barua ya wazi kutoka Malaba

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Fedha, Mipango na Maendeleo ya Uchumi,
Kwa Gavana wa Benki Kuu ya Uganda,
Kwa Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato ya Uganda,
Kampala.

Waheshimiwa, salaam.

Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho ninachokitumia kutwa nzima. Mimi ni wakala wa forodha hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya. Dereva wa Machakos akibishana na askari wa kwao Soroti, utingo wa Kigali akiuliza choo kiko wapi, mama wa chapati akidai deni la juzi, wote hukutana kwenye lugha hii. Tena Baraza la Mawaziri lilikwisha kuipitisha Julai 2022 kuwa lugha rasmi, kwa hiyo msije mkaniambia barua imekosea mlango. Mkikwama kwenye neno, muulizeni askari aliye getini kwenu.

Huku mpakani kuna maneno mengi siku hizi kuhusu kripto. Vijana wanasema Uganda ikubali kodi na ushuru vilipwe kwa sarafu za mtandaoni, na kwamba blokucheni, yaani daftari la pamoja la mtandaoni, itamaliza foleni, rushwa na kila ugonjwa tunaoujua. Wazee wanasema huo ni upatu uliovaa suti. Nimewasikiliza wote, mara nyingi kuliko nilivyotaka, na sijahamia upande wowote. Nimekaa kwenye kiti hiki tangu kabla ya 2014, enzi zile lori la Mombasa likila wiki mbili na zaidi njiani, na nimeona mifumo ikija na mingine ikienda. Shida ninayoiona mimi wala haijatajwa na vijana wala wazee. Mteja wangu akilipa, pesa inatoka siku hiyo hiyo. Kinachochelewa ni mtu wa upande wa pili kukubali kwamba amelipa.

Ngoja niwaonyeshe. Mama mmoja wa Mbale anauza vigae na masinki. Kontena lake lilikuwa Mombasa. Mnajua utaratibu tangu tuingie kwenye Himaya Moja ya Forodha: mzigo wa Uganda unatolewa tamko huku kwetu kwenye ASYCUDA, mfumo wetu wa kompyuta wa forodha, kodi inalipwa huku, ndipo kontena linaruhusiwa kutoka bandarini. Utaratibu mzuri, siudharau. Ijumaa saa tisa alasiri nikampa namba ya malipo. Akaenda benki, akalipa zote, na kabla hajafika dukani simu ikalia: pesa imekatwa. Akanipigia kwa furaha. Nikafungua mfumo. Haijalipwa. Nikanywa chai, nikafungua tena. Haijalipwa. Jumamosi ikapita. Jumatatu benki, ambayo siitaji kwa kuwa bado nina akaunti huko, wakasema kwao pesa imeshatoka, mtandao ndio ulikuwa chini. Jumanne saa tano asubuhi ndipo neno likabadilika. Kwa wakati huo siku za bure za bandarini zilikuwa zimekwisha, na gharama ya kuhifadhi kontena inahesabiwa kwa dola. Nani alizilipa zile dola? Aliyekatwa Ijumaa ndiye aliyelipishwa Jumanne.

Akaniuliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike barua hii: "Mwanangu, pesa niliyompelekea Mchina ilifika kabla chai yangu haijapoa. Hii ya kutoka Mbale kwenda Kampala ilipitia wapi?"

Sikuwa na jibu la kumpa mama mtu mzima. Lakini mnajua alichokuwa anakisema. Alimlipa muuzaji wake wa Guangzhou kwa USDT, ile sarafu ya mtandaoni inayofungamanishwa na dola. Kijana mmoja, mwenye kiduka cha vifuniko vya simu na miwani ya jua, alipokea shilingi zake mkononi, akabonyeza, na ujumbe wa Mchina wa kushukuru ukaingia WhatsApp. Hakuna fomu, hakuna benki ya New York ya kupitia, hakuna "rudi kesho." Wafanyabiashara wa Kikuubo kule Kampala wanafanya hivyo, Busia wanafanya hivyo, na kama kuna anayewaambia kwamba waraka wa Benki Kuu wa 2022 ulikomesha jambo hili, anawaambia mnachopenda kusikia.

Basi hapo ndipo vijana wanapopiga meza: kama USDT inafika China kwa dakika chache, ushuru nao ulipwe hivyo!

Hapana. Na ninasema hapana nikiwa miongoni mwa watakaofurahi kuipata hiyo haraka.

Wapo waliojaribu mbele yetu. Jimbo la Ohio, Marekani, lilifungua dirisha Novemba 2018, kampuni zilipe kodi kwa Bitcoin. Oktoba 2019 dirisha likafungwa, na waliolitumia mwaka mzima hawakufika kumi. Zug, kule Uswisi, walianza Februari 2021 kwa kiwango cha juu cha faranga 100,000. Lakini ukichungulia nyuma ya pazia, kampuni ya katikati ndiyo inayopokea sarafu, inazibadilisha, na serikali inaingiziwa faranga zake kama kawaida. El Salvador ndiyo iliyokwenda mbali kuliko wote. Septemba 2021 Bitcoin ikawa pesa halali ya nchi, mtu analipia nayo mkate na kodi. Januari 2025, baada ya kukubaliana mkopo na Shirika la Fedha la Kimataifa, bunge lao likarekebisha sheria na kodi ikarudi kulipwa kwa dola. Miaka mitatu na ushee, wakarudi walikotoka.

Sababu haihitaji profesa. Ushuru wa kontena unahesabiwa kwa thamani ya dola, kisha unageuzwa shilingi kwa kiwango ambacho Mamlaka ya Mapato hutangaza kila mwezi. Hata mabadiliko madogo ya kiwango hicho hutufanya tukimbizane mwisho wa mwezi kuwahi kusajili tamko. Sasa fikirieni Bitcoin, iliyokuwa zaidi ya dola 68,000 Novemba 2021 na chini ya 17,000 mwaka mmoja baadaye. Hazina ingepokea ng'ombe ikaamka na mbuzi, na mwalimu wa Tororo analipwa mshahara kwa shilingi vilevile. USDT haiyumbi hivyo, nakubali. Ila USDT ni ya kampuni ya kigeni, na kampuni hiyo ina uwezo wa kuzuia sarafu zilizo kwenye anwani yoyote inayoitilia shaka. Sitaki nchi yangu ikusanye ushuru kwa pesa ambayo swichi yake iko mkononi mwa mfanyabiashara wa nje. Halafu, tukiwa tunasemezana ukweli, huyo mama akitaka kurudisha USDT kuwa shilingi kupitia simu, akifika kutoa anakutana na ile kodi yenu ya nusu asilimia ya 2018. Mlianza na asilimia moja, watu wakarudia kubeba noti kwenye soksi, mkapunguza. Sijasahau.

Kwa hiyo ushuru ubaki wa shilingi. Hapo sina ugomvi na Gavana.

Ugomvi wangu na Gavana uko kwingine, naye anivumilie, kwa maana hili silisikii likisemwa na mtu.

Aprili 2022 Benki Kuu iliwaandikia wenye leseni za huduma za malipo kwamba wasithubutu kusaidia mtu kubadilisha kripto kuwa pesa za simu wala pesa za simu kuwa kripto. Mkapelekwa Mahakama Kuu, na 2023 mkashinda. Naelewa hofu yenu. Desemba 2019 kampuni ya sarafu za mtandaoni ya Dunamiscoins ilifunga milango na pesa za watu ndani, na Masaka na Kampala wapo watu ambao hadi leo wakisikia neno sarafu wanashika kichwa. Lakini angalieni waraka ule unafanya nini kwenye meza yangu.

Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kifungu cha 122 na Jedwali la Nne, inasema thamani ya mzigo ni bei iliyolipwa au itakayolipwa. Kwa maneno mengine, ofisa akitilia shaka ankara, ataniomba ushahidi wa malipo. Mteja aliyelipa kwa benki analeta karatasi ya uhamisho, tunaendelea. Mama wa Mbale analeta nini? Picha ya simu ya kijana wa vifuniko, yenye mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Ule mstari ukiuingiza kwenye tovuti husika unaona kiasi, saa na dakika, na hakuna mtu duniani anayeweza kuufuta. Kwa ukweli ni ushahidi mgumu kuliko karatasi ya benki, ambayo nimewahi kuziona za kutengenezwa River Road, Nairobi, kwa bei ya soda. Ila hauonyeshi jina lake wala jina la Mchina, na ofisa hana ruhusa ya kuugusa. Basi ankara inawekwa kando, thamani inapandishwa kulingana na mizigo inayofanana, na mama analipa juu ya alichonunua. Mwenzake mjanja anaona hivyo, anajifunza kuandikisha ankara ya uongo yenye bei inayopendwa na mfumo. Serikali inapoteza kwa huyu, inamnyang'anya yule.

Kumbe tangu 2020 sheria ya kupambana na utakatishaji wa fedha inawahesabu wafanyabiashara wa sarafu hizi miongoni mwa wanaotakiwa kuripoti kwa Mamlaka ya Ujasusi wa Fedha. Yaani kijana wa vifuniko anatakiwa aripoti biashara ambayo hana njia ya kuifanya kwa uwazi. Jirani wameshaamua. Tanzania wanakata kodi ya asilimia 3 kwenye mauzo ya sarafu hizi tangu Julai 2024. Kenya walianza na asilimia 3 Septemba 2023, wakaiona inawakimbiza watu, 2025 wakaiondoa na kutoza ushuru wa asilimia 10 kwenye ada tu, kisha Oktoba mwaka huohuo wakapata sheria ya leseni. Mimi nikisimama mlangoni mwa ofisi yangu naiona Kenya. Hatua mia moja hivi kutoka kwangu biashara ina sheria, na kwangu ina waraka.

Wapeni leseni. Kijana mwenye leseni atamwandikia mama risiti yenye jina, namba ya mlipakodi, namba ya ankara na ule mstari mrefu, na ofisa wa thamani aruhusiwe kuipokea. Muwaambie wafanyabiashara pia, kwa sauti, kwamba China ilipiga marufuku biashara ya kripto Septemba 2021, hivyo Mchina anayekubali USDT naye yuko kwenye kamba nyembamba, na pesa ikipotea hakuna polisi wa Guangzhou wa kuililia. Hili vijana hawalitaji wanapopiga meza.

Sasa nije kwenye blokucheni yenyewe, ambayo watu wanaichanganya na Bitcoin kama vile mtu anavyochanganya barabara na lori.

Kule kijijini kwetu wanawake wana kikundi cha kuweka na kukopa. Mnakifahamu. Sanduku la bati lina kufuli tatu, na funguo tatu ziko kwa watu watatu wa nyumba tofauti. Hakuna anayefungua peke yake. Mahesabu yanasomwa kwa sauti mbele ya wote kila kikao, kila mmoja anakariri, na kikao kijacho kinaanza kwa kurudia salio la kikao kilichopita. Katibu akitaka kuiba, itambidi abadilishe daftari na vichwa vya wanawake ishirini na watano. Blokucheni ni hiyo. Kila mwenye haki ana nakala ya daftari, kila ukurasa mpya unabeba alama ya ukurasa uliotangulia, na ukichezea wa nyuma, zote za mbele zinakataa kulingana. Haihitaji sarafu yoyote, wala mashine za kula umeme. Inahitaji wenye funguo wanaojulikana: mamlaka za mapato za Kampala, Nairobi, Dar es Salaam na Kigali, mabenki, bandari. Na sisi mawakala tupate nakala ya kusoma yanayotuhusu.

Mtaniuliza, na ni haki yenu: kwa nini isiwe hifadhidata ya kawaida? Kwa sababu hiyo tunayo. Tulikuwa na RADDEx, mfumo wa mamlaka za mapato wa kupashana taarifa, tuna ASYCUDA, Kenya wana wao, Tanzania wana wao, na mifumo hii inatumiana taarifa. Inatumiana, ndiyo. Zikitofautiana, kila nchi inaamini ya kwake, na lori linalala. Sitarajii Nairobi ikubali kwamba kompyuta ya Kampala ndiyo yenye neno la mwisho, na Kampala vilevile. Sanduku la kufuli tatu lilibuniwa kwa watu wa namna hii hasa, wanaopendana lakini wanaojuana.

Pale benki inapokata pesa ya mama, mstari uandikwe humo na benki yenyewe, kwa ufunguo wake, saa hiyo hiyo. Uonekane kwangu, uonekane kwa forodha, uonekane kwa aliye getini Kilindini. Pesa yenyewe ikachukue safari yake ya kawaida hadi akaunti ya serikali, benki imeshajifunga mbele ya mashahidi kwamba imepokea. Mtandao wa benki ukiwa chini, basi benki ibebe gharama ya kontena, kwani saa imeandikwa. Nadhani mitandao ya mabenki itapata afya haraka sana.

Jambo la pili ni bondi, na hapa nawaomba mnisomee taratibu kwa sababu ndipo tunapokufa kimyakimya. Mzigo wa Juba ukiingia hapa Malaba haulipi ushuru wa Uganda. Mimi wakala naweka dhamana, bondi, kwamba hautashushwa Kampala. Kontena linapigwa sili ya kielektroniki inayofuatiliwa kwenye kompyuta hadi Elegu, mpakani na Sudan Kusini. Likivuka Elegu, ofisa anathibitisha limetoka, na bondi inatakiwa ifunguliwe. Inatakiwa. Uthibitisho ukikosa kulingana na karatasi ya kuingilia kwa herufi moja, bondi inabaki wazi. Bondi ya wakala ina kikomo, kama tangi la maji. Kila iliyobaki wazi ni maji yaliyofungiwa. Nimewahi kukaa nikikataa mizigo ya watu, na hali malori yote niliyoyadhamini yameshashusha Juba na madereva wanakula samaki wa Nile.

Kwenye daftari la pamoja, mkataba unaojitekeleza ungefanya kazi hii bila kuombwa: sili imefunguliwa ng'ambo ya Elegu, ofisa wa Uganda ametia ufunguo, wa Sudan Kusini ametia ufunguo, bondi imefunguka. Hakuna wa kumpigia simu. Najua wako watakaonuna, maana simu hizo zina bei yake.

Sitawadanganya kwamba daftari hili linajua ukweli. Uongo ukiandikwa kwa wino usiofutika unabaki uongo. Mtu akitamka vigae kumbe ni simu, blokucheni itatunza neno vigae milele na kwa uaminifu mkubwa. Kontena bado litahitaji skana na ofisa asiyenunulika.

Na liwe na njia ya kusahihisha. Nasema hili kwa aibu yangu mwenyewe. Mwaka fulani nilichapa namba ya trela nikaweka 3 mahali pa 8. Usiku, macho mazito, kosa langu, hakuna wa kumsingizia. Dereva akafika mpakani, trela lake halipo kwenye karatasi. Amelala siku tatu kwenye kabini, mimi nikimpelekea chakula kwa pikipiki, kwa sababu sikuwa na uso wa kumtuma mtu mwingine. Kwenye daftari lisilofutika kosa kama hilo lisifutwe: uongezwe mstari mpya unaosema huu umesahihisha ule, na nani, saa ngapi. Namba 3 yangu ibaki pale ionekane. Wakala anayesahihisha mara moja kwa mwaka na anayesahihisha kila Ijumaa usiku wajulikane tofauti yao.

Kuhusu nani awe mwenye daftari, chukueni somo la TradeLens, daftari la blokucheni. Maersk na IBM walilizindua 2018 kwa ajili ya nyaraka za meli dunia nzima, na mitambo ilifanya kazi. Novemba 2022 wakatangaza kulifunga, kwa kuwa ushirikiano waliouhitaji kutoka sekta nzima haukupatikana. Nani ataweka siri za biashara yake kwenye daftari la mshindani? Basi msimpe tenda mtu mwenye kampuni, hata akija na picha nzuri za ukutani. Liwe la Jumuiya, Arusha, na funguo ziwe za nchi.

Funguo. Mheshimiwa Waziri, Novemba 2024 Bunge liliambiwa kwamba akaunti za serikali kwenye Benki Kuu zimedukuliwa, na 2025 jambo likafika mahakamani. Simhukumu mtu. Lakini nchi nzima ilisikia kwamba fedha zilizotakiwa kulipa madeni ya Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika zilielekezwa kwa watu wengine kabisa. Agizo la malipo lilionekana halali njia nzima. Blokucheni isingezuia hilo peke yake. Aliye na ufunguo ni mwenye nyumba, awe mwizi au awe baba. Kama funguo tatu zitakaa kwenye droo moja ya ofisi moja, kama ninavyoona nywila zikiandikwa kwenye kikaratasi na kubandikwa pembeni ya kompyuta, msihangaike kununua sanduku.

Na kuna jambo linalonipa usingizi mbaya zaidi. Januari 2021, mkesha wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima, tukakaa siku tano hivi. Kila daftari la pamoja linaishi kwa mtandao. Nikipata mfumo wa kisasa kuliko wote Afrika, halafu mtu mmoja Kampala anyooshe mkono kwenye swichi, malori yatapangana hadi Bungoma. Kabla ya kusaini mkataba wowote na wataalamu, naomba iandikwe kisheria kwamba laini za forodha na malipo hazizimwi, uchaguzi uwepo usiwepo. Hili ni la bure. Halihitaji mshauri wa kutoka nje.

Mkianza, anzeni na kitu kidogo. Risiti za kielektroniki za EFRIS hazikuwa wazo baya, ila Aprili 2024 maduka ya Kampala yalifungwa kwa sababu watu waliona faini kabla ya kuona mafunzo. Msitangaze blokucheni ya nchi nzima kwenye hotuba ya bajeti. Chukueni njia moja, Malaba hadi Elegu, bondi peke yake, mwaka mmoja. Wekeni ofisa wa Elegu, wakala wa Malaba, mtu wa bima na dereva kwenye meza moja tangu siku ya kwanza, na mazungumzo yawe kwa Kiswahili ili dereva asikae kama pambo. Mtajua ndani ya miezi sita kama ninaota.

Nimesubiri niandike barua hii hadi leo kwa sababu nilitaka kuimaliza na habari njema: nina bondi moja ya mzigo wa saruji uliovuka miezi miwili iliyopita, na nilitumaini ingekuwa imefunguliwa. Nimeangalia tena asubuhi hii saa mbili, na saa sita. Bado iko wazi. Karatasi zinasema kuna herufi moja haifanani. Dereva wake yuko hapa nje, amerudi na lori tupu, ananiuliza kama nina mzigo mwingine wa kumpa.

Wenu katika kazi,
Wakala wa forodha, Malaba